Uwanja mkubwa, mwenye timu je?

Mhariri,

Mashabiki wa Everton ya Uingereza hapa Arusha tuko wachache, na vijiweni tunachekwa. Lakini Desemba 2024 klabu ilipotoka kwa Farhad Moshiri kwenda kwa Dan Friedkin wa Texas, waongoza watalii wetu hawakuuliza ni nani: shughuli zake za safari na uhifadhi ziko Tanzania miaka mingi.

Everton wamehama Goodison wa watu 39,000 na ushee, wakaingia uwanja wa karibu 53,000. Sawa, kwao tiketi zinagombaniwa. Sisi tunajenga wa 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika. Mashindano yakiisha, timu gani itaujaza? Mkoa uanze sasa kumsaka mwekezaji wa klabu za hapa. Friedkin naye akitaka, karibu, njia anaijua.

Shabiki wa Everton,
Sakina, Arusha