Si kila jiwe jekundu ni rubi

Ndugu Mhariri,

Ni mwaka wa kumi na sita sasa nanunua gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Nilikaa kimya mlipoipeleka Mererani mkoani Arusha wakati iko Simanjiro, Manyara. Ila ile habari ya ukurasa wa tatu kuhusu "utajiri wa rubi" wa Mahenge imenishinda.

Mwandishi wako kafika Mahenge, kakuta mawe mekundu juu ya meza ya dalali, kayaita yote rubi. Yote! Tena lile la kwenye picha, mtoto wa mchimbaji angewaambia ni spineli kabla hajamaliza kumeza uji. Lina nyuso nane, kama piramidi mbili zilizogeuziana vitako. Rubi hukua kwa pembe sita, kama nati. Rubi ni madini yaitwayo korandamu, ndugu wa yakuti ya buluu. Spineli ina magnesiamu ndani yake na ni madini mengine kabisa. Najua yanachanganya: zote mbili hupata wekundu kutokana na kromiamu, na huko Mahenge, wilayani Ulanga, zote hutoka kwenye miamba ya marumaru. Hata Waingereza walibabaika, maana lile jiwe kubwa jekundu la mbele kwenye taji lao, waliloliita rubi karne na karne, ni spineli. Lakini wale hawakuwa na wa kumuuliza. Mwandishi wako alisimama katikati ya watu wanaojua.

Pengine utasema mzee huyu anagombania jina tu. Mwaka 2005, kabla spineli ya Mahenge haijavuma, nilimpelekea mnunuzi mmoja mjini jiwe la gramu nne, waridi kali. Mwaka 2007, pale Ipanko, karibu na Mahenge, lilipotoka jiwe la spineli la kilo 52, ndipo dunia ikakimbilia huko, lakini mimi nilikuwa nimeshaliwa. Mnunuzi yule alilimulika jiwe langu, akaenda nalo kwenye taa ya zambarau, akanigeuzia mgongo, akarudi na uso wa msiba. "Mzee, hii si rubi, ni ganeti tu. Chukua nauli." Nikachukua nauli, na nikashukuru! Miezi mitatu baadaye kijana aliyekuwa akimkatia mawe akaninong'oneza kwamba halikuwa ganeti, lilikuwa spineli safi, na bosi wake alijua tangu dakika ile ya kunigeuzia mgongo. Ganeti chini ya taa ile hukaa kimya kama kokoto. Spineli ya Mahenge huwaka kama kaa la moto. Mimi nilikuwa najua neno moja tu, rubi, na kila kisichokuwa rubi kwangu kilikuwa takataka. Neno hilo moja ndilo gazeti lako linawafundisha vijana leo, kwa herufi kubwa.

Na tukiwa hapo hapo, kuna vinyago vya jiwe la Longido. Mgeni anauziwa kifaru cha kijani chenye mabaka mekundu na meusi, anaambiwa ni "rubi ya Tanzania". Ule ukijani ni zoisaiti, madini yale yale ya tanzanaiti ila kwa rangi nyingine, weusi ni honiblendi, na rubi ni yale mabaka mekundu tu, mengi hayapitishi mwanga hata kidogo. Jiwe lenyewe ni zuri bila uongo. Wenzetu wa Bonde la Umba angalau walikuwa wakweli: ganeti isiyoingia kwenye kundi lolote waliiita malaya, na kwa jina hilo hilo inauzwa nje hadi leo. (Sijui hilo mngelichapisha.)

Ushauri wangu ni huu. Nunua tochi moja ya zambarau na lenzi moja ya kukuzia, uviweke kwenye droo yako. Mwandishi anayetaka kuandika neno rubi atengewe mawe matatu mekundu na nusu saa. Akikosea ahamishiwe michezo, huko jezi nyekundu ni nyekundu tu. Na masahihisho yawekwe ukurasa wa tatu ilikokaa habari yenyewe, pamoja na picha ile ile, si kule chini ya matangazo ya vifo mnakozika makosa yenu.

Dalali mstaafu,
Morogoro