Jedwali la mapigo ya moyo limetusahau sisi wa dawa za presha

Ndugu Mhariri,

Nilisoma makala yenu ya mazoezi, nikalikata lile jedwali la kanda za mapigo ya moyo, yaani viwango vya mapigo kulingana na ukali wa mazoezi, na kulibandika mlangoni. Nina miaka 58. Jedwali linasema chukua 220, toa umri wako, utapata kilele cha mapigo yako. Changu basi ni 162, na kanda ya pili, ya asilimia 60 hadi 70 ya kilele hicho, ni kati ya mapigo 97 na 113 kwa dakika. Nikasema hiyo kazi ndogo.

Siku ya kwanza nilitembea kwa kasi hadi jasho likanitiririka mgongoni. Saa yangu ya mkononi, inayopima mapigo, ikasoma 88. Nikakaza mwendo: 91. Nikaanza kukimbia, mdomo wazi, huku binti yangu ananisimulia mambo ya kazini kwake kana kwamba tumekaa kitako. Akaniuliza jambo, hata "ndiyo" haikutoka. Saa: 96. Nikajua mbovu. Nikasimama, nikabonyeza vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, nikahesabu kwa sekunde 15. Mapigo 24. Zidisha kwa nne: 96. Saa haikuwa na kosa.

Daktari anayenitibu presha alicheka kwanza, ndipo akanieleza. Kidonge ninachomeza kila asubuhi ni atenololi, nacho huzuia adrenalini isiuchochee moyo. Yaani moyo wangu umefungwa breki. Hiyo 162 siifikii hata nikikimbizwa na mbwa. Nilikuwa natafuta kanda ya pili ilhali mwili ulishaipita zamani.

Na hata kwa asiyetumia dawa, 220 kutoa umri ni makadirio tu. Watu wawili wa umri mmoja, wote wazima, vilele vyao vyaweza kupishana kwa mapigo 20. Iko kanuni nyingine, ya mwaka 2001: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa kwenye 208. Mimi inanipa 167, lakini nayo haijui nimemeza nini asubuhi.

Siku hizi nafuata pumzi. Nikiweza kutamka sentensi nzima lakini kuimba kukanishinda, hayo ni mazoezi ya wastani. Nikitamka maneno matatu halafu nikatweta, napunguza mwendo. Binti yangu ndiye mpimaji, na maswali hamwishii.

Ombi langu, Mhariri: mkilichapisha tena jedwali hilo, wekeni chini yake mstari mmoja kwa wanaotumia dawa za moyo na presha, wamwone daktari kwanza. Mtembeaji mwenzangu alinieleza, tena kwa fahari, kwamba siku za mazoezi haimezi dawa yake ili saa "isome vizuri". Dawa hizi ukizikatisha ghafla, presha na mapigo huweza kupanda vibaya. Nimemwambia, lakini anaamini zaidi kilichoandikwa gazetini.

Mtembeaji wa alfajiri