Asante, kaka wa lori, kwa taa za trela langu

Jana giza likiingia, taa zote za trela langu zilizimika ghafla, ilhali za gari zinawaka vizuri. Kaka mmoja dereva wa lori akasimama, akashuka na tochi.

Alinieleza kwamba magari mengi yana fyuzi ya trela peke yake, ndiyo maana taa za gari hazikuguswa. Tukasoma mchoro kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, akachomoa ile nyekundu ya ampea 10, akanionyesha kijiwaya chake kilivyokatika. Mimi nilikuwa na ya njano, ya ampea 20, nikataka kuichomeka. Akanizuia: fyuzi kubwa ingeacha waya uungue kabla yake.

Na hakubadilisha fyuzi tu kisha akaondoka. Alilala chini ya trela hadi akaupata waya uliochunika ukagusa chuma, akauzungushia tepu ya umeme, ndipo akachomeka nyekundu nyingine kutoka kwenye boksi lake la vifaa.

Alikataa malipo, hata jina hakulitaja. Kaka, ukisoma hapa, asante sana. Wenye matrela wenzangu, bebeni fyuzi za akiba za saizi sahihi, na mkimkuta mtu amekwama, simameni.