Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024

Ndugu wanachama, wazee wenzangu wa kamera, sauti na uhariri wa televisheni,

Mengi ya mwaka huu mnayajua, kwa hiyo nitayapita mbio. Tulikutana Januari, Machi na Septemba. Tulimzika mwenzetu mmoja, tukawatembelea wawili hospitalini. Jioni ya kutazama kanda za Agosti 27, 2010, Rais Kibaki akiinua Katiba mpya juu pale Uhuru Park, ilifana na chai ilitosha. Ubishi kuhusu nani kati yetu alikuwa wa kwanza kumwona Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati ule, akiingia uwanjani haukuisha, na sidhani utaisha.

Mkutano wa Juni 27 niliuahirisha mimi. Siku mbili kabla yake, waandamanaji walikuwa wameingia Bungeni na nchi nzima ikaona kwa macho yake, moja kwa moja. Wiki ile nani angewaita wazee wenye magoti mabovu katikati ya jiji? Nalisema hili kwa sababu kuna mwanachama anayeeneza kwamba nilikuwa nakwepa maswali. Maswali nayajibu leo.

Kwanza ada. Tuko wanachama 64. Waliolipa ni 19. Ada ni shilingi 200 kwa mwezi, pesa ya soda mbili tatu, na bado tunadaiana 108,000. Kikao cha Septemba kilihudhuriwa na watu 11, na akidi yetu ni 22. Nilikuwa nimeagiza mandazi ya watu 40. Mlinzi wa ukumbi alikwenda nyumbani na karai zima.

Sasa ule mtambo. Ni kweli nilitoa 185,000 kwenye hazina ya maafa nikanunua mtambo uliotumika wa kuchezea kanda za Betacam, zile kanda za video tulizorekodia habari zamani. Ni kweli akidi haikutimia. Lakini nilikuwa nimeitisha kikao hicho hicho mara tatu! Walioamua ni wale 11 waliokuja, na aliyebaki nyumbani asiniambie leo kwamba hakuulizwa. Kanda tunazo zaidi ya 300, nyingi tuliziokota zikitupwa nje kama takataka, na nyingine tuliziokoa kabla hazijarekodiwa juu yake mchezo wa mpira. Mnajua jinsi ilivyokuwa: kanda ilikuwa ghali, bosi anataka habari ya leo, ya jana inafutwa. Pia mnajua kwamba kanda haingoji. Ukungu ukishaingia, unakula. Na kila mwaka mitambo ya kuichezea inapungua, na mafundi wanaoijua wanapungua zaidi. Hazina ya maafa ni ya maziko, naam. Hizi kanda nazo zilikuwa zinakufa.

Lawama kubwa zaidi ni kwamba nilianza na kanda isiyofaa. Wengi mlitaka tuanze na Desemba 30, 2002, siku Kibaki alipoapishwa kumrithi Moi. Nawaelewa. Hiyo ndiyo kanda inayotupendeza sote: Kibaki kwenye kiti cha magurudumu, mguu wenye plasta umenyooshwa mbele, Moi na rungu lake, umati unamzomea na kurusha matope. Mimi mwenyewe nilikuwa juu ya jukwaa la wapiga picha siku ile, na sijisifu nikisema picha zile zilitulia kuliko mikono ya aliyezipiga. Lakini kanda hiyo ni nzima, na nakala zake ziko kila mahali. Inaweza kungoja.

Niliyoichagua ni ya miaka mitano baadaye, siku ile ile, Desemba 30, 2007, ndani ya ukumbi wa KICC, tukisubiri matokeo ya urais. Mmoja wenu aliniuliza mbele ya watu: “Mwenyekiti, kanda hiyo mbona haina hata tangazo la matokeo?” Haina. Haiwezi kuwa nalo. Kelele zilipozidi ukumbini, Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, aliondolewa, na matokeo akayasomea chumbani mbele ya kamera za KBC, kituo cha serikali, peke yake. Jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa Ikulu, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Sisi wa vituo vingine tulikuwa tumefukuzwa. Kanda yetu ina dakika 14: kelele, maafisa wa usalama, kisha sakafu, viatu, bega la mtu, kwa sababu aliyeshika kamera anasukumwa nje na hakuizima. Hiyo ndiyo niliyotaka ibaki. Tangazo lenyewe kila mtu analo. Vivyo hivyo Januari 30, 2018, Raila akijiapisha Uhuru Park kuwa “rais wa wananchi” na vituo vikubwa vimezimwa na serikali: aliyekuwa nyumbani aliona kioo cheusi, na kesho watoto watadhani hatukwenda kazini.

Kwamba kanda hiyo yenye ukungu ilichafua vichwa vya mtambo, vile vinavyosoma kanda, siku ya pili, mtambo ukalala wiki saba na fundi akachukua 38,000, hilo nalikiri. Fundi aliniambia nisubiri aisafishe kanda kwa mkono kwanza. Nilikuwa na haraka. Lakini waliotunga jina la “jeneza la mwenyekiti” wajue kwamba jeneza limefufuka, na kanda 27 zimeshanakiliwa, hizo dakika 14 zikiwemo, kwa saa zangu mwenyewe za usiku, bila posho.

Hazina ya maafa sasa ina elfu 46 na kitu. Mweka hazina atawasomea. Nitairudisha kadiri ada zitakavyoingia, na hapo mpira uko kwenu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata chumba kisicho na unyevu, pengine chuo fulani kitatupokea, mazungumzo yapo. Tunatumaini pia kupata vijana wawili watatu wa kufundishwa mtambo.

Mwisho, aliyeazima kanda ya Februari 28, 2008, ile ya Kibaki na Raila wakitia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya Harambee House huku Annan na Kikwete wakiwatazama, aliomba siku mbili. Sasa ni miezi minane tangu aichukue. Jina lake liko daftarini, na leo namwona amekaa safu ya pili.

Mwenyekiti