Risala ya Walimu wa Sayansi kwa Mgeni Rasmi Wakati wa Kufunga Mafunzo ya Kuandaa Slaidi za Kufundishia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule,
Walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe kwa kuacha majukumu yako na kuja kutufungia mafunzo haya ya siku tano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, projekta ilipofika shuleni kwetu tulifurahi mno, lakini tuliitumia vibaya. Tulichukua noti zetu, tukazipachika kwenye slaidi nzimanzima, kisha tukawasomea wanafunzi kilekile wanachokiona ukutani. Profesa Richard Mayer wa Marekani, mtafiti wa saikolojia ya elimu, ameeleza kwamba picha ikisindikizwa na sauti ya mwalimu humfundisha mwanafunzi vizuri zaidi kuliko inapoongezewa maandishi ya maneno yaleyale. Sisi tuliyaona hayo darasani: vichwa viliinama, kalamu zikakimbia, kipindi cha dakika 40 kikaisha bila swali hata moja.

Siku ya pili ya mafunzo ndiyo iliyotugeuza. Tulichukua somo la moyo, ambalo tulikuwa nalo kwenye slaidi moja ya mistari 17. Mwezeshaji akatuambia tukakae dawati la nyuma kabisa tuisome. Hakuna aliyevuka mstari wa tatu.

Tukaivunja. Slaidi ya kwanza ikabaki na mchoro wa moyo peke yake, bila jina hata moja. Ya pili ikaongeza mshale wa bluu, damu ikienda mapafuni. Ya tatu mshale mwekundu, damu ikirudi na kusambaa mwilini. Kisha mwalimu akabonyeza herufi B kwenye kibodi ya kompyuta, picha ikazimika, akawauliza wanafunzi waliokuja kutusaidia: kwa nini ukuta wa chumba cha chini kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Wakatazamana, wakabishana, hadi binti mmoja akasimama: "Huu unasukuma damu mwili mzima, mwenzake unaifikisha mapafuni tu." Wakati anajibu, ukutani hapakuwa na neno la kunakili.

Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba slaidi ni ya macho ya mwanafunzi. Kila slaidi inabeba wazo moja, herufi hazishuki chini ya pointi 28, na maelezo marefu yanabaki kwenye karatasi ya noti. Hatutenganishi sehemu za mchoro kwa nyekundu na kijani, maana wapo watoto wasioweza kuzitofautisha rangi hizo. Na kila mwalimu anajizoeza kuuchora mchoro wake kwa chaki, umeme ukikatika somo liendelee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zipo. Projekta ni moja kwa mikondo 12, na madirisha hayana mapazia. Ikifika saa nne asubuhi jua linaifuta picha yote. Tunaomba utusaidie kupata projekta ya pili na mapazia mazito ya vyumba viwili. Tunaomba pia kibali cha kuzipeleka slaidi hizi kwenye shule jirani, kwani zipo tayari kwenye flashi na walimu wake wameshaziulizia.

Naomba kuwasilisha.

Walimu wa Idara ya Sayansi