Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Dada yangu, jina lako sikuuliza, na kitambulisho chako kilikuwa kimegeuka. Naandika hapa ili watu wajue ulichofanya.

Baba alifanyiwa upasuaji wa saratani ya umio. Siku ya tano, saa nane usiku, akaanza kuhema kama mtu aliyetoka kukimbia. Kipimo cha oksijeni kidoleni kilisoma 84.

Hukuidharau ile namba. Kidole kilikuwa cha baridi, ukakisugua, ukahamishia kipimo kidole kingine: 83. Ukainua kitanda upande wa kichwa, ukamvalisha barakoa ya oksijeni, ukahesabu pumzi zake macho yakiwa kwenye saa. Kisha ukainama na tochi kuukagua mrija wa kifuani. Majimaji yalikuwa yamebadilika rangi. Ukampigia daktari wa upasuaji, hakupokea. Ukapiga tena na tena, mara ya nne akapokea. Pale umio ulipounganishwa na tumbo palikuwa panavuja. Kabla ya alfajiri baba alikuwa amerudishwa chumba cha upasuaji.

Zamu yako iliisha saa moja asubuhi. Saa tatu bado ulikuwa umekaa na mama kwenye benchi, umemshika mkono.

Ndugu wenye mgonjwa wa upasuaji huu, mkiona anahema haraka, ana homa au moyo unamwenda mbio, mwiteni muuguzi papo hapo. Msingoje kukuche.

Jana baba amekunywa uji, vijiko sita. Akauliza, "Yule binti wa usiku yuko wapi?"