Siku hiyo msinitii

Wanangu na wajukuu zangu,

Nimewalea muwasikilize wakubwa, na leo nawaomba kinyume chake. Siku kiharusi kitakaponipiga, mkaniona mdomo umekwenda upande, neno langu lisiwazuie.

Najijua. Nitasema ni uchovu tu, niacheni nijinyooshe kidogo. Kiharusi mara nyingi hakiumi, na asiyeumwa haoni kwa nini akimbizwe hospitali. Tena kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa anaweza asijue kabisa kwamba mkono wake wa kushoto umelala. Ukimwambia atakubishia, wala hadanganyi: ubongo ambao ungemjulisha ndio huo uliopigwa.

Kwa hiyo msiniulize kama ni mzima. Niambieni nitabasamu, mtazame kama upande mmoja wa uso umelegea. Ninyanyue mikono yote miwili huku nimefumba macho, muone kama mmoja unashuka wenyewe. Nipeni sentensi fupi niirudie. Moja tu likiharibika, iteni gari la wagonjwa. Wakati mwingine huanza kwa kupepesuka, kuona vitu viwili viwili, jicho kuingia giza, au kichwa kuuma kwa ukali usio wa kawaida. Yote hayo huja ghafla.

Na saa mtazame. Daktari atauliza mara ya mwisho nilionekana mzima saa ngapi, si saa mliyonikuta nimeanguka. Nikiamka nikiwa hivyo, hesabu inarudi hadi nilipokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hata ndani ya muda huo kila dakika inayopita ubongo unazidi kufa. Kabla yake lazima kichwa kipigwe picha ya CT, maana kuna kiharusi cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka, na dawa ya kile cha kwanza inaweza kumuua mgonjwa wa hicho cha pili. Kwa macho hamtaweza kuvitofautisha, kwa hiyo aspirini yenu kaeni nayo. Vidonge vya presha vya ziada pia sivitaki. Wala chai, wala maji: koo likipooza, kinywaji huingia mapafuni. Nikisinzia, nilazeni kwa ubavu. Na hao wanaochoma vidole kwa sindano eti damu itoke, wasinikaribie.

Kuna hili linalonitia hofu zaidi. Dalili zinaweza kutoweka baada ya dakika 10, mkanikuta nacheka na kudai chakula. Hapo ndipo nitakapowashinda kwa maneno. Twendeni vilevile, siku hiyo hiyo, maana kiharusi cha kupita huweza kufuatwa na kikubwa ndani ya siku 2 tu.

Nikinung'unika kwamba mmenivunjia heshima, nitanung'unikia humo humo garini.

Babu yenu